Visu Ndani ya Gunia

Mimi niliyeanza na toroli moja la vitunguu pale Nyakabanda, nikalala njaa, nikaibiwa, nikadanganywa na watu waliovaa tai, niliamini kwamba hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza tena. Nasema hivyo kifua mbele, na anayebisha aje aone lori langu. Lakini mpaka leo nikisikia harufu ya jiwe lililolowa maji, chuma kikisuguliwa juu yake, nasimama palepale. Inaweza kuwa kwa mchinja mbuzi kando ya barabara, inaweza kuwa nyumbani kwangu Kagarama, msichana wa kazi akinoa kisu kwenye ngazi ya jikoni. Ni harufu kali kidogo, kama vumbi lililopigwa na matone ya kwanza ya mvua, na ndani yake kuna ladha ya sarafu uliyoiweka mdomoni ukiwa mtoto. Inanirudisha Ngara, upande wa Tanzania, tulikokuwa tumekimbilia, kwenye kizingiti cha nyumba ya mama yangu, msimu ule wa kuvuna mtama nilipokuwa na miaka tisa. Na kila ninapofika pale, hasira inaanza upya kana kwamba mambo yale yalitokea jana.

Kisu chenyewe kilikuwa kisu cha jikoni tu, cha bei rahisi kabisa, vile ambavyo wachuuzi hutandaza chini kwenye turubai pamoja na sindano na vioo vidogo. Mpini wake wa mbao ulikuwa umepasuka, mama akauzungushia kipande cha tyubu ya baiskeli na kukikaza kwa uzi. Kila asubuhi alichukua maji mdomoni, akayatema kidogo kidogo juu ya jiwe la kizingiti, akanoa, mpaka jiwe likachimbika kama bakuli na kisu kikabaki chembamba kama jani la mhindi. Nyumbani hakukuwa na kisu kingine. Hichohicho kilikata marando ya viazi vitamu, kilipalilia maharage palipobana jembe lisipite, kilichuma kisamvu, kilikata mche wa sabuni vipande viwili mama alipogawana na jirani, na jioni kilioshwa kikamenya ndizi. Baba alikuwa amekwenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya miwa, na mwaka ule hakurudi. Tulikuwa mama, mimi, mdogo wangu wa kike na kisu.

Nani kati yenu amewahi kuona mtu anayejua kuvuna mtama kwa kisu? Siku hizi mnaona mashine kwenye simu mnadhani mmeona kazi. Mama alishika suke kwa mkono wa kushoto kama mtu anayeshika kidevu cha mtoto, akaliinamisha, kisu kikapita shingoni pake, ka! Suke kikapuni, wala punje moja haikuanguka. Nilimfuata nyuma nikiburuta kikapu na kusikiliza, ka, ka, ka, na vumbi la mtama likinishika shingoni na kuniwasha mpaka nalia. Wanawake wote wa kwetu walivuna hivyo, kila mmoja na kisu chake, na kila mmoja alikijua chake hata gizani. Shamba lilikuwa la Mzee Bonifasi, aliyekuwa na ardhi kuliko watu wote wa pale, na malipo yalijulikana tangu zamani: ukijaza vikapu kumi, kimoja ni chako. Kwa kimoja hicho tulikula mpaka maharage yakaiva.

Mwaka ule Mzee Bonifasi akanunua miundu. Miundu mipya, inang'aa, ya kukatia majani ya ng'ombe. Asubuhi ya kwanza ya mavuno akasimama mwanzoni mwa shamba na gunia mkononi, akatangaza kwamba visu vya jikoni havitaingia tena shambani kwake, kila mtu avune kwa mundu wake yeye, na kwa sababu vyombo vya watu havitumiwi bure, kila kikapu cha malipo kitapunguzwa nusu. Wanawake wakatazama visu vyao. Mama yangu, ambaye Mungu hakumpa mdomo wa kunyamaza, akachukua mundu mmoja, akaugeuza huku na huku.

"Mzee, hii ni ya majani," akasema. "Ukiipitisha kwenye mtama, watakaovuna ni kuku wako."

Wanawake wakacheka. Mzee Bonifasi hakucheka. Akafungua mdomo wa gunia mbele ya mama.

"Basi kisu chako wewe mama kuku kianze kuingia."

Na kikaingia. Nilisikia kilivyogonga chini, kikiwa peke yake, halafu vya wengine vikafuata juu yake.

Yaliyofuata yalikuwa vilevile alivyosema mama. Mundu unavuta bua, bua linatikisika, punje zinamwagika kama mchanga. Kuku wa Mzee Bonifasi walinenepa mpaka wakashindwa kukimbia. Naye, badala ya kuona aibu, akahesabu mtama uliomwagika kuwa uzembe wa wavunaji, akapunguza tena. Nyumbani, mama alimenya ndizi kwa kifuniko cha kopo la samaki. Utomvu wa ndizi ulimganda vidoleni pamoja na damu, kwa sababu kifuniko kile kilikata upande wa mwenye kukishika kuliko upande wa ndizi. Mimi na mdogo wangu tulimenya kwa meno. Kama hujawahi kumenya ndizi mbichi kwa meno, usiniambie habari za shida.

Mavuno yalipokaribia kwisha, Mzee Bonifasi akaita wageni, akawaambia wanawake waje kusaidia jikoni. Nilikwenda na mama kwa ajili ya kulamba sufuria, sisemi uongo. Mke wa Mzee akamwekea mama rundo la ndizi, akaingia ndani, akatoka na kisu, akampa. Mpini ulikuwa umezungushiwa tyubu ya baiskeli. Kile kisu kisichofaa shamba lake kilikuwa kimetolewa guniani kikapelekwa kufanya kazi jikoni kwake! Mama alikitazama. Akapitisha kidole kwenye makali, akaona yamekuwa butu, akaomba maji, akakinoa kwenye jiwe la watu. Kisha akamenya ndizi za wageni wote kwa kisu chake mwenyewe, akakiosha, akakifuta kwa kanga, akamrudishia mwenye nyumba kwa mikono miwili.

Nilianza kupiga kelele. "Mama, si chetu kile? Mama!"

Akanibana bega. "Nyamaza wewe. Kikapu chetu bado kiko kwake."

Siku ya malipo tulipewa kikapu kisichofika nusu, na gunia likaletwa. Cha mama hakikuwemo. Mzee Bonifasi akachomoa kingine, kimevunjika ncha, akasema visu vyote ni visu. Mama akakipokea. Njiani alitangulia, kikapu kichwani. Mimi nilisema, kwa sauti, nikipiga mateke mawe yote ya njia ile: nikiwa na shamba langu, hakuna mtu atakayemnyang'anya mwenzake kisu.

Na shamba nimelipata. Darasa la tano sikumaliza, lakini wenye digrii wananipigia simu asubuhi kuuliza bei ya mchicha. Liko bondeni, ukishuka barabara ya kusini kutoka Kagarama, na wanawake kumi na wanne wananifanyia kazi, kila mmoja na kisu chake cha faranga mia saba cha mpini wa plastiki. Mwaka huu mwenye mgahawa mmoja wa Nyarutarama, mtaa wa wenye pesa, mteja wangu mkubwa, akaja na viatu vyeupe, akasema anataka kuwapiga picha kwa ajili ya wateja wake, ila visu vile vya jikoni vinatia aibu. Mimi, mtu mzima, nikaona haya. Nikaenda nikanunua mikasi ya bustani kumi na minne, nikamwambia Anastazi, kapita wangu anayesimamia wafanyakazi: "Kisu cha jikoni nisikione tena shambani kwangu." Nilisema hivyo, kwa mdomo huuhuu. Baada ya hapo, kila Jumamosi Anastazi aliniletea bahasha, akisema ni mapato madogo madogo ya shamba. Nilizipokea bila kuuliza. Nilikula brosheti, mishikaki ya mbuzi, kwa bahasha zile, nikawanunulia na rafiki zangu.

Wiki ya nne nilishuka bondeni bila kutoa taarifa. Wanawake walikuwa wakichuma mchicha kwa kuuvunja na vidole, mikasi imewekwa pembeni kwa sababu ilikuwa mizito na inaponda shina. Nikauliza visu viko wapi. Anastazi akanionyesha ghalani, fahari tupu usoni: gunia limening'inia kwenye msumari.

"Databuja, chombo ya bei haiwezi kukaa bure," akasema, maana kwetu tajiri wako ndiye databuja wako. "Nawakata mia mbili kila siku, kila mtu. Bahasha si ulipokea?"

Nilitaka kumtukana. Nilifungua mdomo, tusi halikupatikana, kwa sababu kila tusi nililolijua lilikuwa la Mzee Bonifasi, na mwenye shamba nilikuwa mimi. Nikamwaga visu kwenye turubai. Vyote ni vya duka moja, rangi moja, lakini kila mwanamke aliinama akachukua chake bila kusita. Kikabaki kimoja. Wakaniambia ni cha mukecuru Verediana, bibi mwenye miaka yake, aliyefanya siku nne tu na mikasi akaacha kazi, kwa sababu makato yalimshinda.

Nikampelekea mwenyewe, kwa miguu, mlima ule wote. Nilimkuta mlangoni anamenya muhogo kwa kifuniko cha kopo. Sikuweza kupiga hata hodi. Akainua macho, akanitazama mimi na kisu mkononi mwangu.

"Karibu, databuja. Kisu ulichukua, sasa umefuata na kifuniko?"

"Mukecuru, sikujua."

"Hukujua? Shamba iko ya nani?"

Akakichukua, akapitisha kidole kwenye makali, akaomba mjukuu alete maji. Nilisimama pale mpaka akamaliza kunoa, na harufu ile ikanipanda puani. Mama yangu alikufa kabla sijanunua lile bonde. Zamani nilikuwa nasikitika kwamba hakuliona. Sasa nashukuru kwamba hakuniona siku zile kumi na tisa nilipokuwa na gunia langu mwenyewe msumarini.

Mwenye mgahawa nimemwambia, akitaka picha apige na visu. Amenuna, lakini mchicha wangu bado anaununua, kwa kuwa mwingine kama huo hatapata. Anastazi bado ni kapita wangu, maana alitii neno langu. Wanawake nimewarudishia makato yote mkononi, mbele ya kila mtu. Verediana nimemlipa siku kumi na tano alizokaa nyumbani, na sasa amerudi, anachuma haraka kuliko wasichana. Mikasi duka limekataa kuipokea, inapata kutu ghalani. Hesabu ya makato, siku za Verediana na bei ya mikasi nimeipiga mwenyewe, kwa penseli, ukutani, karibu na ule msumari, ili niione kila ninapoingia: faranga laki mbili, elfu tano na mia saba.