Kapu la Posa Chini ya Kitanda Changu

Nikishasali alfajiri huwa sinyanyuki mara moja. Nakaa juu ya msala na kuipanga siku kichwani. Leo nitafanya hiki. Leo nitamaliza kile.

Kupanga napenda. Kufanya ndiyo tabu.

Jumapili ile nilikuwa nimefika kwenye jambo la tatu nilipohisi kitu kinatembea juu ya kidole changu cha mguu.

Nikatazama. Funza.

Mweupe, mnene, anajikunja na kujikunjua. Nyuma yake mwengine. Nyuma ya huyo wengine wanne, wamepanga foleni juu ya msala aliotuletea bibi kutoka Makka.

Sikupiga kelele. Mimi si mtu wa kelele, hata dukani nikirukwa kwenye foleni nanyamaza. Nilikunja miguu tu, nikaufuata ule msafara kwa macho mpaka ulipoanzia.

Ulianzia chini ya kitanda changu.

Nilijua kuna nini kule. Kilikuwa na siku kumi na saba.

Niwarudishe nyuma kidogo.

Naitwa Nadhira. Tunakaa Malindi ya Unguja mjini, ghorofa ya pili, mimi na wazazi wangu. Nimesoma chuo, nina diploma ya utunzaji wa kumbukumbu. Kazini mafaili ya watu wote yamepangwa, isipokuwa yaliyo juu ya meza yangu. Mwenzangu wa ofisini, Amne, ana neno lake: huyu Nadhira hata kuzaliwa aliahirisha. Wala hakosei. Mama anasema nilichelewa wiki mbili.

Siku kumi na saba kabla ya wale funza, alikuja Bi Ummkulthum kutoka Kidichi. Alikuja kuniposa kwa ajili ya mwanawe, Haitham, anayewatembeza wageni kwenye shamba lao la viungo.

Alikuja na kapu la ukili. Ndani mna shokishoki, machungwa na duriani moja kubwa. Mdomo wa kapu umeshonwa kwa ukili, kushonwa kweli, kama gunia la karafuu.

Kwa akina Bi Ummkulthum posa haijibiwi kwa mdomo. Msichana akiridhia, kapu linafunguliwa na matunda yanagawiwa majirani. Asiporidhia, kapu linarudishwa lilivyokuja, na mshono wake. Hakuna anayeuliza kwa nini, na hakuna anayeaibika.

Kwa msichana mwenye haya kama mimi, utaratibu gani bora kuliko huo? Nilitakiwa niseme neno moja tu kwa mama: lirudisheni.

Haitham nilimuona mara mbili. Ana adabu, anacheka vizuri, anasali. Simtaki. Sina sababu ya kuwapa. Unaweza kupewa sahani ya chakula kizuri na ukawa huna njaa.

Lakini siku ile Bi Ummkulthum alinibusu kwenye paji la uso. Akaniambia nina mikono mizuri.

Nikaona kurudisha kapu siku ile ile ni ukatili. Nitasema kesho.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Siku ya Ijumaa hukatai watu.

Jumamosi mama aliamka na mgongo. Jumapili tukawa na maziko ya jirani. Jumatatu nilifika mpaka mlango wa jikoni, nikamuona mama anaimba huku anapepeta mchele, nikarudi.

Kapu lenyewe nilikuwa nimelisukuma chini ya kitanda tangu siku ile ya kwanza, ili nisilione. Likaanza kunuka. Nikachoma udi. Baba akauliza harufu ile ni ya nini, mama akamjibu kuwa ni duriani, duriani ndivyo lilivyo.

Siku ya kumi udi ukawa haufui dafu. Nguo zangu zikawa zinanuka. Ofisini Amne akaniuliza taratibu kama kwetu kuna panya aliyekufa. Nikamwambia labda.

Nikawa nalala juu ya uozo. Kila usiku nausikia puani, na kila usiku najiambia kesho.

Haya, turudi kwenye funza.

Niliinama nikalishika kapu kwa mikono miwili, nikalivuta. Kitako kikabaki sakafuni.

Sitawaficha. Kilichomwagika kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, kizito, kina mapovu. Shokishoki zilikuwa zimeota ukungu juu ya vinyweleo vyake, zimeshikana kama nywele za maiti. Duriani lilipasuka, na ndani hamkuwa na nyama, mlikuwa na funza tu, wanachemka. Maji yale yakanipanda mpaka kwenye viwiko.

Nilitapika pale pale. Nikawa nafuta matapishi yangu na uozo wangu kwa shuka moja.

"Nadhira!"

"Naam, mama."

"Jihimu. Wageni wanaingia saa nne."

"Wageni gani?"

"Akina Bi Ummkulthum. Wanakuja kupanga siku ya ndoa. Baba yako kashatoka kwenda Darajani kutafuta samaki."

Kisha akasukuma mlango.

Akasimama pale, upindo wa kanga umeziba pua. Akalitazama kapu, akawatazama funza, akanitazama mimi na mikono yangu.

Hakushtuka. Hilo ndilo lililonishtua mimi.

Nikamwambia kwa sauti ndogo kuwa kapu sikulifungua. Ndoa gani, na kapu sikulifungua?

Akasema anajua. Alikuwa akiingia kufagia nikiwa kazini. Siku tatu zilipokwisha aliinama, akauona mshono mzima.

"Kwao wana siku tatu," akasema. "Kapu lisiporudi ndani ya siku tatu, ndiyo tayari. Mwenyewe kanambia siku ile aliyolileta."

"Mbona hukunambia?"

Mama alivuta pumzi kwenye kanga yake, akaikohoa harufu.

"Nikwambie nini? Mimi nnakujua, mwanangu. Kazi zako zote za chuo uliziandika siku ya mwisho, mpaka karani anafunga dirisha. Ukiwekewa siku, siku hiyo hiyo utafanya. Ningekwambia siku tatu, siku ya tatu kapu lingekuwa Kidichi."

Nikaendelea kufuta sakafu kwa ile shuka.

"Kwa hiyo sikukuwekea," akasema. "Baba yako nikamwambia Nadhira karidhia."

Mama yangu hakunidanganya. Hakunilazimisha, hakunipigia kelele. Aliniacha tu niwe mimi. Aliutumia ugonjwa wangu kama mtu anavyotumia upepo kukaushia nguo.

Nilichukia. Nilimuona kinyaa mama yangu mzazi, Mungu anisamehe. Halafu nikatazama mikono yangu, nikajua kinyaa kile kina wenyewe wawili.

Alipoona nalia, akaanza na yeye. Akasema ana hofu. Nina miaka ishirini na sita, nauahirisha hata umri, akifa yeye nani atanisukuma?

Tukasafisha pamoja. Yeye anakusanya, mimi nasugua. Nikanawa mikono kwa sabuni mara tatu, kwa limau mara mbili. Harufu ikabaki ndani ya kucha.

Saa nne Bi Ummkulthum aliingia na dada yake, Bi Mize. Shikamoo, marahaba, karibuni. Bi Mize akafinya pua kidogo. Mama akawahi kusema karo la choo la jirani limefurika, watu wa mtaa huu hawana ustaarabu. Jirani maskini wa Mungu, karo lake halina kosa lolote.

Baba akakaa kwenye kiti chake, kanzu imepigwa pasi, anatabasamu kama mtu aliyepata mtoto wa kiume. Bi Ummkulthum akanikalisha ubavuni mwake. Akaushika mkono wangu, ule ule. Nikaogopa ataunusa.

"Sisi tumefurahi sana," akasema. "Kimya chako tumekisikia, mwanangu."

Wakaanza kutaja tarehe. Baada ya mfungo sita, mwezi wa Maulidi, au kabla? Mama anamimina kahawa, hanitazami.

Na mimi nikajisikia, wallahi, najiambia ndani: si sasa. Waache wanywe kahawa. Nitamwambia baba jioni wakishaondoka.

Jioni. Nilipoisikia ile jioni ndani ya kichwa changu, nikaitambua: ndiyo ile ile kesho yangu.

Ndugu zangu mnaosoma, chuoni walitufundisha kupanga muda. Nina madaftari manne ya ratiba, yamepakwa rangi. Muda haukuwa ugonjwa wangu. Ugonjwa wangu ni kuogopa uso wa mtu ukibadilika mbele yangu kwa sababu yangu. Nikauita haya. Nikauita huruma. Wengine tunauita uvivu ili tusiutazame vizuri.

Huruma gani inayomuacha mama wa watu apange harusi isiyokuwepo? Siku ya pili ningemuudhi kidogo, na angerudishiwa matunda yake yakiwa mazima.

Unaloliahirisha halikai linakusubiri. Linaoza. Na wakati linaoza, kuna mtu pembeni, pengine anayekupenda, anakihesabu kimya chako kuwa ni jibu.

Kama una la kusema, liseme leo, hata sauti ikitetemeka. Yangu ilitetemeka.

Niliuchomoa mkono wangu kwenye wake. Bi Mize akanyamaza katikati ya tarehe. Kikombe cha baba kikasimama hewani. Uso wa Bi Ummkulthum ukaanza kubadilika, ule ule uso nilioukimbia siku kumi na saba, na mimi nikautazama.

"Nisamehe, mama," nikasema. "Haitham hana ila. Simtaki. Sikumtaka siku ile mlipokuja, na leo pia simtaki."