Salfa na Miguu ya Mdogo Wangu

Kazi yangu maabarani ni kushinda na protini moja ya bakteria. Inakaa nje ya utando wa bakteria huyo ikiwinda virutubisho vyenye salfa. Viwe vichache namna gani majini, itavidaka tu, itavikabidhi mlangoni viingizwe ndani. Kidudu hata hakionekani kwa macho, lakini salfa hakikosi! Wenzangu wanafurahi. Mimi huwa napandwa na hasira.

Mdogo wangu aliikosa. Mwaka ule wa ukame kwetu Nyamwaga, maharage yaliungua shambani, ng'ombe wakakauka maziwa, na dagaa tulikuwa tunazisikia tu. Ikabaki mihogo michungu. Kawaida mama huimenya, huirundika chini ya majani mpaka iote ukungu, ndipo huianika, na sumu yake inapungua. Lakini mtoto analia njaa, jamani, utangoja ukungu? Aliianika juu juu, akasaga, wakala. Mwili hutumia salfa ya chakula kuiua sumu inayobaki, na ndani ya mdogo wangu hiyo salfa haikuwepo. Mimi nilikuwa bwenini, nashiba maharage ya shule.

Aliamka asubuhi moja miguu imekakamaa kama mipini ya jembe. Mpaka leo anatembea kwa ncha za vidole, magoti yakisuguana.

Watu walisema amerogwa, na mchawi akapatikana upesi: mke wa baba mdogo, jirani yetu, kwa kuwa jana yake alikuja kuomba chumvi. Mama hakumsalimia tena. Hata yule mwanamke alipofariki, watu wamejaa msibani, mama alijifungia ndani.

Likizo iliyopita nilishindwa kuvumilia. Nilitaka jina la marehemu lisafishwe, liwalo na liwe. Nilimkuta mama anamenya mihogo.

"Mama, hakuna aliyemroga. Ni ile mihogo, na kukosa chakula chenye salfa."

Kisu kikasimama.

"Kwa hiyo ni mimi."

"Ni njaa, mama."

"Njaa haikumenya ile mihogo."

Maneno yalishatoka. Mama akanawa mikono, akajifunga kitenge vizuri, akaenda nyuma ya migomba, kwenye kaburi la yule mke wa baba mdogo. Akainama, akamsalimia kwa Kikurya kama walivyokuwa wakisalimiana zamani.

Kisha akangoja aitikiwe.