Skrini Iliyoonyesha Mchanga

Skrini ya zamani ya ofisini kwetu ilikuwa ya kichogo, ile yenye mgongo mnene, tena mbishi kama vichogo vyote. Rangi nyekundu iligoma, maandishi yalichezacheza, na nyuso za watu zilionekana kama zimepakwa uji. Kwa kuandikia barua isingenisumbua. Lakini kazi yetu pale Kigoma, miaka ile ya wakimbizi, ilikuwa kuwatafutia wazazi watoto waliopotezana nao njiani wakikimbia Burundi na Kongo, na kazi hiyo tuliifanya kwa picha.

Tulikuwa na utaratibu mmoja ambao mgeni hakuuelewa mpaka aelezwe. Siku watoto walipopokelewa walipigwa picha kwa makundi, thelathini kwa pamoja. Mzazi akija, alionyeshwa kundi zima. Ilikuwa mwiko kukuza uso mmoja na kumwuliza kama ni mwanawe, maana mama aliyelia mwaka mzima, ukimwonyesha mtoto mmoja, atasema ndiye. Lazima achague mwenyewe kati ya thelathini. Sasa wapange hao thelathini ndani ya kioo cha uji.

Yalikuwa yameshatukuta. Mama mmoja alichagua mvulana, akafunga safari mpaka kambini, na yule mvulana akamtazama, akasema kwa adabu kabisa kwamba huyu si mama yake. Nilikuwepo. Wiki nzima baada ya hapo niligombana na kila mtu, hata na chai.

Kwa hiyo tuliporuhusiwa kununua skrini mpya nilifurahi kuliko mtu aliyepandishwa cheo. Mkuu wetu, bwana mpole aliyehamishiwa kwetu kutoka Dodoma, aliniagiza nilete kubwa kuliko zote, inayofaa ofisi inayopokea wageni. Alhamisi ya wiki iliyofuata angekuja mama mwingine, anayemtafuta binti yake wa miaka sita, nami nilikuwa nimeapa kwamba huyu hatafunga safari ya bure.

Jumamosi nilikwenda dukani mjini na mke wangu. Yeye alikuwa akiuza dagaa ufukoni Katonga, na alinifuata kwa sababu, alisema, mwanamume akienda dukani peke yake hurudi na boksi zuri.

Zilikuwepo skrini mbili, bei moja. Kubwa ilikuwa pana kama meza ya harusi, na muuzaji alikuwa ameiwekea filamu ya maporomoko ya maji na kasuku. Nilisimama mbele yake kinywa wazi. Ndogo ilikaa pembeni, imezimwa. Nilikuwa nimeshaanza kuuliza habari za kufungiwa ile kubwa mke wangu aliponivuta mkono.

"Baba watoto," aliniambia, "wewe dagaa unanunua kwa kuangalia juu ya fungu?"

Niliona aibu, maana jambo hilo hata watoto wetu walilijua. Pale Katonga muuzaji mjanja huweka juu dagaa waliokauka kwenye chanja, wanaong'aa, na chini huficha wale walioanikwa mchangani, ambao ukiwatafuna meno yanalia. Mnunuzi mzoefu huzamisha mkono mpaka chini. Mke wangu akamwambia muuzaji kwamba hao kasuku ni dagaa wa juu; atuwekee picha yetu wenyewe.

Picha za watoto nisingeweza kuzitoa ofisini. Lakini kwenye flashi nilikuwa na picha niliyoipiga Katonga asubuhi moja, ufuko mzima umetandazwa dagaa. Kwenye skrini kubwa dagaa wote walikuwa mkeka mmoja wa fedha, wa kupendeza. Kwenye ile ndogo kila dagaa alilala na jicho lake, na kati yao tuliona punje za mchanga. Mke wangu aliinama, akacheka mpaka akashika meza. Alikuwa ametambua sehemu ya kuanikia ya muuzaji mwenzake anayeapa kila siku kwamba yeye huanika kwenye chanja tu.

Muuzaji, aliyeona hawezi tena kutudanganya, alieleza kwamba ndogo ina nukta nyingi zaidi, na kubwa ina nukta chache zilizotandazwa, kama ugali mdogo kwa wageni wengi. Ukubwa wa pua si wingi wa kamasi, mke wangu alisema, tukabeba ndogo.

Mkuu alilitazama lile boksi Jumatatu, akauliza kama nusu nyingine inakuja na meli. Nilimjibu kwa ukali zaidi ya ilivyofaa kwamba asubiri Alhamisi.

Alhamisi yule mama alikuja, akatusalimu "Amahoro," akaketi na mikono katikati ya magoti. Nilimfungulia kundi la kwanza, la pili, la tatu. Alikuwa akitikisa kichwa tu. Kundi la nne lilipofunguka alisimama, akasogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Kule nyuma alisimama msichana ambaye nusu ya uso wake ilikuwa imezibwa na kichwa cha mvulana mrefu. Mama hakugusa uso. Aligusa bega.

"Huu uzi ni wa nyavu," alisema. "Nilimshonea mimi. Ni umwana wanje, mwanangu."

Picha ile nilikuwa nimeitazama mwaka mzima kwenye kichogo, na sikuwahi kujua kwamba begani pana uzi. Sasa niliuona: mishono mitano ya kijani, imepinda. Lakini utaratibu ni utaratibu, sikusema ndiyo. Niliita kambini kwa redio ya upepo, nikamwomba mwenzetu amuulize yule mtoto, bila kumdokeza lolote, nani alishona gauni lake begani.

Tulisubiri karibu saa nzima. Mkuu mwenyewe alimletea mama chai. Kisha redio ikakoroma na mwenzetu akasoma alichokiandika: mtoto amesema ni mama, kwa uzi wa nyavu za baba, na kwamba mama alimwambia uzi huu haukatiki.

Mama alilaza kiganja chote juu ya lile bega kwenye kioo, akakiacha hapo. Mimi nililia, wala sikuona haya. Mkuu alijifanya kumtafuta dereva, akatoka mbio, na tuliposikia gari linawashwa uani, yeye alikuwa ameshakaa kiti cha mbele, tayari kumpeleka mama kambini.