Nilichoma Kimto cha Mama Mkwe

Nilimwita mama mkwe wangu mchawi kwa sababu ya goti. Ndiyo, goti! Msinitafutie udhuru, mimi mwenyewe nimeutafuta nikaukosa.

Mimi ni mchimbaji hapa Kolwezi. Shimo langu liko uani kwangu, karibu na jiko, na kule chini husimami. Unapiga magoti juu ya mawe kutwa nzima, unagonga mwamba ukitafuta shaba. Kama kupiga magoti kungekuwa utakatifu, mimi ningekuwa papa!

Mama mkwe alikuja kututembelea kutoka Sandoa. Akaniona natoka shimoni nachechemea. Kesho yake akanipa kimto alichokishona mwenyewe, kimejazwa matambara, kina kamba za kufungia mguuni.

"Tata, funga hii ku magoti mbele ya kushuka," akasema. "Majiwe itakuharibia."

Mtu mwenye akili angesema asante. Mimi nikajiuliza: ndani ya matambara kuna nini? Sisi wachimbaji tunaogopa kila kitu isipokuwa shimo lenyewe. Nikakisukuma kimto chini ya kitanda, nikashuka na magoti matupu. Shujaa!

Hazikupita siku nyingi goti likavimba kwa mbele, laini kama nyanya iliyoiva. Mimi mwenye hekima nikapata jibu papo hapo: kimto! Nikakichoma uani, majirani wakitazama, nikamnyooshea mama mkwe kidole.

"Mulozi! Rudia kwenu na bulozi yako!"

Alifunga mzigo wake akaondoka. Mke wangu akafunga wake, akamfuata mama yake.

Muuguzi wa kituo cha afya alilibonyeza goti, akatikisa kichwa.

"Bulozi gani, tata? Iko kafuko kadogo ka maji hapa, kati ya ngozi na mufupa. Kanasaidia ngozi iteleze. Weye unakagongesha ku majiwe kila siku, kanavimba. Ni bursite."

Akaniambia nipumzishe mguu, niweke kitambaa cha maji baridi, ninywe dawa ya uvimbe, na nikirudi kazini nisipige tena magoti bila kitu laini chini yake. "Na usikate!" akaongeza.

Kitu laini! Kimto, kwa mfano. Aibu ilinipata, lakini kiburi changu kilikuwa kizima kuliko mguu. Ningekiri vipi kwamba dawa nimeichoma mwenyewe? Nikaenda kwa rafiki yangu wa shimoni, ambaye udaktari wake wote ni kunyoa watu vichwa. Akalipasua kwa wembe, maji yakatoka, tukacheka.

Kicheko hakikudumu. Goti likawa la moto, homa ikanitetemesha, usaha ukaanza kutoka. Hospitali walilifungua wakalisafisha, daktari akasema ningechelewa kidogo ningeupoteza mguu. Lilipona, lakini halikunjiki. Jamani, mjinga mimi!

Sasa sikieni. Kwao mke wangu, mkwe aliyemtukana mama mkwe haombi msamaha akiwa amesimama. Anapiga magoti. Nikapanda lori hadi Sandoa, nikaingia uani kwao. Mke wangu alikuwa mlangoni, ananitazama.

Nikajishusha. Goti zima likafika chini. Lile lingine likabaki limenyooka mbele yangu kama mpini wa koleo. Wajomba zake wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nililia, na wala si kwa maumivu.

Mama mkwe akaingia ndani, akatoka na kimto kipya. Akakiweka chini, pale ambapo goti langu lilishindwa kufika.

"Goti moya, musamaha nusu," akasema. "Muke yako atabakia hapa. Utarudia siku goti ile ingine itakunjama."

Akaokota kimto chake, akarudi nacho ndani.

Kwa hiyo kila asubuhi nakaa kitandani, nalikunja kidogokidogo kama walivyonifundisha hospitali, katika nyumba isiyo na mtu wa kunicheka. Linasogea, lakini polepole mno.

Ninyi mnaotambaa mashimoni hapa na Fungurume, na ninyi mnaosugua sakafu kwa magoti, nawaomba! Goti likivimba, kabla ya kumtafuta mchawi, tazameni mnalipigia wapi. Lipumzisheni. Likiwa la moto, kimbieni hospitali, na wembe uacheni kwa ndevu. Na mkishonewa kimto, kifungeni! Changu kiko Sandoa, kinaningoja pamoja na mke wangu.