Mume Wangu Alipanda Pikapu na Mbuzi, Akamwacha Mama Yangu Barabarani

Admin, jina langu libaki huko huko inbox. Runyenjes ni ndogo, na mume wangu anasoma hii page kuliko anavyosoma Biblia.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, miaka arobaini na tatu, mama wa watoto watatu. Mume wangu, nitamwita Baba Njeru, ana van kuukuu ya viti vinane. Sitadanganya, ndani ni raha. Viti ni kama sofa, miguu unanyoosha unavyotaka, hata kwenye mashimo unasinzia. Shida ni kwamba ukiamka mnakuwa mmesimama. Gia inateleza, mlango wa pembeni unafunguka kutoka nje tu, na injini inachemka kila ikiona mlima. Na huku kwetu ni milima mitupu.

Fundi alimwambia rejeta imeoza, abadilishe. Akakataa. Aliingia jikoni kwangu, akachukua manjano yangu ya kupikia, akamwaga kopo zima ndani ya rejeta eti yatazibaziba matundu. Nilipouliza akanijibu, "Mama Njeru, wewe jua mambo ya chaki. Hii ni trick ya madere, itashika mpaka Krismasi." Wanaume wakimsifu sokoni kwamba gari lake linabeba ukoo mzima, anavimba kichwa.

Mwaka jana kaka yangu, mtoto wa kiume wa pekee wa mama, alikuwa anapeleka ruracio, yaani mahari, kwa wazazi wa msichana wake, upande wa Meru. Baba Njeru alichaguliwa kuwa msemaji wetu, akasisitiza kwamba mama lazima asafiri kwa van yake. Tulimchukua kwake Gachoka asubuhi, mguu wake umevimba kwa ugonjwa, lakini amevaa kitenge kipya na anacheka peke yake. Nyuma ya viti Baba Njeru alipakia mbuzi wawili wa mahari. Wenzetu walikuwa wametangulia.

Tulipopita Chuka na kuanza kupanda, gari likafuka mvuke, likazima. Maji ya njano yakamwagika barabarani yakinuka kama mchuzi. Mbuzi wakajisaidia nyuma ya viti. Mama akaamka akauliza, "Tumefika?"

Kaka yangu alipopigiwa simu alituma pikapu. Mbele, kando ya dereva, kulikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Nikamshika mama mkono nimshushe. Baba Njeru akanizuia. "Ngoja kwanza. Bila mbuzi hawawezi tufungulia gate, na bila mimi nani ataongea? Mathe atakuja na trip ya pili." Mbuzi wakapakiwa nyuma, yeye akapangusa suti, akaketi mbele, akafunga mlango. Hakumwangalia mama hata kidogo. Na mnajua kwetu mama mkwe ni mtu wa kuheshimiwa namna gani.

Trip ya pili ilikawia. Jua lilitupiga. Mama alibanwa na haja, ikabidi nimshushe na ule mguu wake, nimkinge kwa shuka kando ya barabara huku malori yakipita. Mama mzazi wa bwana arusi!

Tulipofika, akina mama walikuwa wameshaimba langoni, wameshaingia, wanaosha sahani. Mama wa msichana akasema, "Kumbe umekuja! Tuliambiwa umechoka ukaamua kubaki." Aliyewaambia hivyo alikuwa ameketi kwenye hema anafuta mafuta mdomoni. Mama alisikia. Tangu siku hiyo hajakanyaga kwangu.

Sasa mwezi ujao ni zamu yetu kupokea wageni. Wanakuja kumposa binti yetu Wawira, na Wawira ni jina la mama yangu. Kwa desturi yetu cucu, yaani nyanya, aliyempa msichana jina ndiye anayevishwa blanketi siku hiyo, kwa hiyo lazima awepo. Mtoto mwenyewe ameniambia, "Kama cucu hakuji, hao wageni wasikuje."

Baba Njeru naye amesema ni yeye atakayemleta mama, na kwa van hiyo hiyo. Ameishonea viti kava mpya. Rejeta hajagusa. "Akikuja na gari ya mtu mwingine, huko ni kunitusi mbele ya wakwe. Na wewe ukithubutu kumkodishia, siku hiyo usiketi kando yangu." Nikamwambia angalau aende amwombe mama msamaha kwanza. Akacheka. "Msamaha ya nini? Ni gari iliharibika, si mimi."

Jumamosi nilienda Gachoka kumbembeleza mama. Nilimkuta akichambua ndengu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwambie sina ubaya na gari yake. Gari ilikufa. Yeye alikuwa mzima, na akaniacha."

Nikikodi gari, nitamvua mume wangu nguo mbele ya wakwe zake. Nikinyamaza, binti yangu ataposwa bila cucu wake, au mama yangu atapanda tena kile kitu. Sijui nimchague nani, na kusema ukweli, huyu mwanamume ananitia kinyaa hata nikimpakulia chakula.

Leo asubuhi nimefungua kabati nipike, nikakuta kopo la manjano ni tupu. Nishaurini, nifanye nini, kabla hajawasha hilo gari.