Mkono wa Kushoto wa Mama

Mama yangu aliishi miezi yake ya mwisho akigombana na mkono wake wa kushoto. Sisemi kwa mafumbo. Waligombana kweli, asubuhi mpaka jioni, nami nilishuhudia sehemu ya ugomvi huo, na mpaka leo sijui nilipaswa kuwa upande wa nani.

Alikuwa akiuza dagaa Kibirizi, kwetu Kigoma, tangu baba afariki. Kiharusi kilimkuta palepale mwaloni, ufukweni mwa ziwa, akianika. Kila mtu alisema ni kidogo: hakupooza, mdomo haukupinda, na Kiswahili chake, Kiha chake na matusi yake yote vilibaki salama. Nilipofika likizo kutoka Singida, ninakofundisha, nilimkuta amesimama mbele ya chanja akifanya kazi, nikamshukuru Mungu mapema mno. Mkono wa kulia ulikuwa unatandaza dagaa. Wa kushoto ulifuata nyuma, ukawazoa, ukawarundika tena walikotoka.

"Mwone huyu," mama akaniambia, akiupiga kofi. "Ananiaibisha mbele ya watu."

Alisema huyu, kana kwamba ni mtu aliyehamia kwetu bila kukaribishwa.

Kulikuwa na vichekesho, sitaficha. Mkono wa kulia ukifunga kitenge kiunoni, wa kushoto unakifungua. Mteja akimpa mkono wa salamu, wa kushoto unamdaka kifundo na kugoma kumwachia. Wauza dagaa wenzake walimtania kwamba amepata mume mwingine, tena mwenye wivu. Mama alicheka nao. Nyumbani aliukalia mkono ule kama mtu anayekalia pochi yake kwenye basi, na huko hakucheka.

Waliosema karogwa walisema. Mchungaji alikuja kuuombea mkono wa kushoto peke yake, na katikati ya sala mkono ukamkamata tai. Mdogo wangu, aliyekuwa akiishi na mama, aliona dawa ni kuufunga kwa khanga. Nikamfokea mpaka akalia. Mimi ni mwepesi wa hasira, hasa kwa jambo nisilo na jibu lake, na hili lilinichoma zaidi kwa sababu nafundisha Baiolojia. Kila mwaka nachora ubongo ubaoni, nusu ya kulia, nusu ya kushoto, na katikati yake daraja la nyuzi za neva. Wanafunzi wanakariri. Na mimi nilikuwa nimekariri tu.

Aliyetufungua macho ni daktari mmoja kijana, mwenyeji wa Moshi aliyehamishiwa Kigoma. Alikwishaitazama picha ya kichwa cha mama. Akaniuliza kama nina kitu chochote kidogo mkobani, nikatoa ufunguo wa nyumba yetu. Alimwomba mama afumbe macho, akamwekea ufunguo katika kiganja cha kulia.

"Ufunguo," mama akasema, kwa sauti ya mtu anayeona anachezewa.

Daktari akauhamishia kiganja cha kushoto. Mama akakunja uso. "Sijui. Kijiko?"

Lakini wakati mdomo unasema kijiko, vidole vilikuwa vimeushika ufunguo sawasawa, na mkono ukageuka taratibu hewani, ukafungua mlango wetu. Hata ule msukumo mdogo ambao kitasa chetu kibovu kinautaka, uliutoa.

"Nusu ya kushoto ya ubongo inaendesha mkono wa kulia, na ya kulia inaendesha wa kushoto," daktari akaeleza. "Kwa kawaida zinapashana habari kupitia lile daraja la katikati. Kwa mama, kiharusi kimelikata sehemu. Na kwa watu wengi, maneno yanakaa nusu ya kushoto. Ile nyingine inaujua ufunguo, Mwalimu, ila haina mdomo wa kuutaja."

"Kwa hiyo huu mkono unajua unachotaka?"

"Sikusema unataka. Mara nyingi unashika tu kilicho karibu. Usiutafutie maana."

Ushauri mzuri. Nilirudi nyumbani nikaanza kuutafutia maana.

Mama hakuwahi kunizuia kwenda popote. Nilipochaguliwa shule ya bweni alinisindikiza stesheni, akasema "Genda", akanipa kisogo kabla treni haijaondoka. Nilipopangiwa kazi mbali, ilikuwa genda ileile, nenda, bila chozi wala nasaha. Nilikua nikiamini kwamba ni mtu asiyeumizwa na kuondoka kwa wengine. Nilijivunia jambo hilo mbele ya rafiki zangu ambao mama zao walilia vituoni. Chinichini lilinikera. Nilitamani walau mara moja aniombe nibaki, hata kama nisingebaki.

Likizo ilipokwisha nilikuwa radhi kuomba ruhusa zaidi kazini. Nilihitaji aseme neno moja tu. Nikamwuliza tukichambua mchele, mkono wake wa kushoto ukiwa umekaliwa.

"Mama, nibaki?"

"Ubaki ufanye nini? Una watoto wa watu wanakungoja na mitihani yao. Mdogo wako si yupo?"

"Unataka niende, au unasema tu?"

"Nimesema genda. Lini nilisema jambo nisilolitaka?"

Asubuhi bodaboda ilikuwa nje, inapiga honi. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni. Niliinama kumuaga, na nilipotaka kuinuka nikashindwa. Gauni langu lilikuwa limekamatwa ubavuni.

"Mama, niachie basi."

"Nimekushika wapi?" Akatazama chini, akauona mkono. Uso wake ulibadilika, akawa kama mtu aliyefumaniwa. "Mwachie!" akauamuru. "Mshenzi we, mwachie mtoto!"

Haukuachia. Basi mkono wa kulia ukaja, ukaanza kuvibandua vidole, kimoja kimoja. Alipofika kwenye gumba, vile vya mwanzo vilikuwa vimeshika tena. Akaanza upya. Nilijua ugonjwa ule. Nilijua mkono ule ulikuwa umeshika pia tai ya mchungaji, ndoo, na komeo la choo. Nilisimama nikatazama nusu mbili za mama yangu zikinigombania, na sikusaidia hata moja. Machozi yalimtoka macho yote mawili.

Mwishowe wa kulia ulishinda. Akaufungia wa kushoto katikati ya mapaja, akaubana kwa nguvu zake zote.

"Genda, mwana wanje, mwanangu," akasema bila kunitazama. "Genda upesi."

Nikaenda. Nilimtii, maana ndivyo nilivyozoea kumtii: kwa maneno yake.

Kiharusi cha pili hakikuwa kidogo. Mdogo wangu alinipigia nikiwa darasani, na nilipofika Kigoma wanawake wa kanisani walikuwa wameshamwosha na kumvisha. Walikuwa wamemfumbatisha mikono kifuani, wa kulia juu ya wa kushoto, kama inavyofanywa kwetu.

Nikawaambia wageuze. Wa kushoto uje juu.

Walitazamana. Mmoja akanishika bega, akaniambia nikae nipumzike, safari ilikuwa ndefu. Walidhani uchungu umenipanda kichwani, na sikuwa na nguvu ya kuwaeleza habari za daraja na nusu mbili. Nikafanya mwenyewe. Niliuinua ule mkono wa kulia uliojua kazi, ulionilipia shule na kunisukuma kila mara niondoke, nikauweka chini. Kisha nikauchukua wa kushoto.

Kabla ya kuulaza nilipenyeza vidole vyangu ndani ya kiganja chake, nikangoja. Nilingoja muda mrefu, wale wanawake wakiwa wamesimama nyuma yangu.

Haukushika.