Nilipiga Simu Kwanza

Mtu mwenye digrii mbili ana njia yake ya kuwa mjinga. Yangu mimi ilikuwa adabu.

Jirani mmoja wa Misunkumilo alinisimamisha sokoni na, huku akichagua nyanya, akaniambia kwamba mama yangu mdogo haonekani tena uani, na kwamba mchana husikika akigonga mlango kwa ndani. Mama mdogo alikuwa akiishi mtaa huohuo, kwa mwanawe wa pekee. Mimi mwenyewe alinilea miaka minne nilipokuwa sekondari. Basi nikafanya nini? Nikampigia simu huyo mwanawe, mdogo wangu, kumtaarifu kwamba Jumapili nitakuja kumsalimia mama. Kwetu huingii kwenye mji wa mtu kama mgambo.

Jumapili nikamkuta mama mdogo sebuleni, kaogeshwa, kapakwa mafuta, kavalishwa kitenge ambacho bado kilikuwa na mikunjo ya dukani. Kwenye kifundo cha mkono wake wa kulia palikuwa na mstari mweusi uliouzunguka mkono wote. Nikamuuliza mbele ya watu, kwa sauti ya hakimu, amepatwa na nini. Alimtazama mwanawe kwanza.

"Nilianguka, baba."

Mdogo wangu akacheka. "Kaka, mama sasa ni mtoto. Tusipomchunga tutakuja kumwokota mbugani, kaliwa na simba."

Na mimi nikacheka. Nikala na paja la kuku.

Ilinichukua siku tatu kukubali nilichokiona mara moja: mtu akianguka hachubuki kwa kuzunguka.

Jumatano asubuhi, mdogo wangu akiwa dukani kwake Shanwe, nilikwenda bila kumwambia mtu. Chumba cha uani kilikuwa na kufuli kwa nje. Nikaita. Mama mdogo akaitika kwa sauti ndogo, akauliza niko na nani. Nilipomwambia niko peke yangu, akasema hufungiwa humo tangu asubuhi mpaka mkwewe, mke wa mwanawe, arudi kutoka kwenye majaruba ya mpunga, na akigonga sana mlango, siku inayofuata hufungwa mkono kitandani kwa kamba.

"Sasa ondoka, mwanangu. Bwana mkubwa akijua ulikuja, leo sili."

Bwana mkubwa. Mtoto aliyemnyonyesha mwenyewe.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Alinipa kiti, akanipa pole, akasema hayo ni mambo ya ukoo. Tuitishe kikao, tukae, tuelewane. Nakijua kikao hicho. Wazee kwenye viti, mama mdogo kwenye mkeka, mwanawe pembeni yake, kisha aulizwe kama ana malalamiko. Hasira niliyokuwa nayo kwa mdogo wangu ikagawanyika: sehemu ikaenda kwa mwenyekiti, sehemu kwa majirani waliosikia mlango ukigongwa na kuongeza sauti ya redio, na sehemu kubwa ikabaki kwangu.

Nikaenda ustawi wa jamii. Afisa, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, alichukua askari wa dawati la jinsia tukaongozana. Mdogo wangu aliitwa, akafungua kufuli lake mwenyewe. Kisha yule mama akafanya jambo ambalo vitabu vyangu vyote havikunifundisha: akatutoa wote nje.

"Na wewe pia, kaka," akaniambia.

Nilikasirika, nakiri. Nikasimama na kuku uani karibu saa nzima. Alipotoka alikuwa ameandika kurasa tatu, na mama mdogo alikuwa nyuma yake, kashika kifurushi cha khanga.

Jioni mjomba alinipigia. "Umemwanika ndugu yako polisi. Nyie wasomi hamna siri." Nilimwuliza kama katika muda wote huo aliwahi kwenda kumjulia hali dada yake. Akakata simu.

Sasa mama mdogo yuko kwangu Nsemulwa, na kesi inaendelea. Asubuhi ya kwanza nilimkuta amesimama ndani ya chumba chake, mlango uko wazi kabisa, khanga kaifunga vizuri, miguu yake haijavuka kizingiti. Nikamwuliza anasubiri nini.

"Nataka kwenda chooni," akasema. "Unaniruhusu?"